Ukitaka Kwenda Mbele, Toa Mpira Nyuma

Somo la kutafakari: 1 Wakorintho 12:12-27



Huku kwetu Shinyanga na Geita ukitaja "fainali" kila mtu anawaza soka. Leo twende kwenye raga.

Tarehe 17 Aprili 2016, kule Singapore, Kenya ilicheza fainali ya raga ya wachezaji saba dhidi ya Fiji. Fiji ni nchi ya visiwa vidogo, lakini kwenye mchezo huu ni vigogo. Agosti mwaka huohuo walichukua dhahabu ya Olimpiki mjini Rio. Siku ile Kenya iliwafunga 30-7. Lilikuwa taji la kwanza la Kenya katika mashindano ya dunia ya kila msimu. Ilishafika fainali Adelaide mwaka 2009 na Wellington mwaka 2013, zote ikapoteza.

Sasa sikia sheria moja ya raga. Mpira hauruhusiwi kurushwa mbele kwa mkono. Mwenzako unayempa lazima awe nyuma yako au usawa wako. Na ukikabwa ukaanguka, lazima uuachie. Kwa hiyo hata mwenye mbio kama Collins Injera anahitaji wenzake wanaomfuata kwa karibu. Akikimbia peke yake akawaacha mbali, siku akiangushwa mpira unachukuliwa na wapinzani.

Hata kocha wa siku ile, Benjamin Ayimba, ambaye alifariki mwaka 2021, alikuwa amewahi kuichezea Kenya. Alichokipata uwanjani aliwapa waliokuja nyuma yake.

Wewe unayefanya kazi kwenye maduara ya dhahabu unalijua hili. Wa chini anachimba na kujaza mfuko, wa juu anavuta kamba. Bila wa juu, dhahabu inabaki shimoni, na wa chini naye hatoki. Shida inaanza siku mzigo ukijibu. Yaani mtu anapata mgao wake, wiki hiyohiyo ana pikipiki mpya na marafiki wapya, na simu ya mama haipokelewi. Mama huyo ndiye aliyeuza michembe akamlipia nauli ya kwenda machimboni. Mdogo wake amekosa daftari. Kijana anaona anakimbia mbele, kumbe amebaki peke yake na mpira mkononi. Pesa ikiisha, au maradhi yakimwangusha, nani yuko karibu?

Mtume Paulo anatufundisha kwamba sisi ni mwili mmoja wenye viungo vingi, na kiungo kimoja kikiumia, vyote vinaumia. Kumkumbuka aliye nyuma yako hakukupunguzii mwendo. Ndivyo timu nzima inavyosonga mbele.

Tujiulize:
1. Nani alinipa mpira nilioushika leo?
2. Nani yuko nyuma yangu akisubiri nimpe?
3. Nikianguka kesho, nina mtu karibu?

Kazi ya wiki hii: kabla ya Jumapili, mpigie simu mmoja uliyemwacha nyuma. Kama una kidogo, mtumie. Kama huna, msikilize tu. Nayo ni pasi.

Tuombe: Ee Bwana, utuepushe na tamaa ya kukimbia peke yetu. Utujalie mikono inayopokea kwa shukrani na kutoa kwa furaha. Amina.