Spea za Datsun 240Z: Tafuta Ukoo wa Gari Kwanza

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally wakiendesha Datsun 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta. Miaka miwili baadaye Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda yeye mwenyewe kwa gari la aina hiyohiyo akiwa na Lofty Drews. Gari la Herrmann, namba 11, leo linatunzwa na Nissan katika ghala lake la kumbukumbu huko Zama, Japani. 240Z zilizobaki Afrika Mashariki hazina ghala. Zinategemea subira ya wenyewe, na subira hiyo hupimwa dukani, pale mwenye gari anapoingia Kirinyaga Road jijini Nairobi na kuambiwa kwa adabu, “Hiyo haiko, mzee.”

Muuzaji hasemi uongo. Hana boksi lililoandikwa 240Z. Lakini mara nyingi anayo spea inayoingia kwenye 240Z, imelala rafu ya nyuma chini ya jina la gari jingine. Katika miaka ya kuhangaika na gari hili, hakuna somo lililoniokolea pesa kuliko hilo. Gari la michezo la zamani lina ukoo kama binadamu, na anayeujua ukoo wake hatalala njaa ya spea.

Ukoo unaanzia kwenye injini. 240Z inatumia L24: silinda 6 kwa mstari mmoja, cc 2,393, kabureta mbili za Hitachi za muundo wa SU. Kabla yake kulikuwa na L16, injini ya silinda 4 iliyokuwa ndani ya Datsun 1600SSS, gari lililowapa Herrmann na Schüller ushindi wa Safari mwaka 1970. Nissan walichukua mpango uleule wakaongeza silinda mbili. Kipenyo cha silinda kilibaki milimita 83, mwendo wa pistoni milimita 73.7. Chukua cc 1,595 za L16, gawanya kwa 4, zidisha kwa 6, na hesabu inaangukia L24.

Dukani maana yake ni hii: anayetaka ringi za pistoni asitaje 240Z hata kidogo. Aulize za L16, injini iliyouzwa pia katika Datsun 160J, gari ambalo wazee wengi wa biashara hiyo bado wanalikumbuka vizuri. Seti ya L16 ni ya silinda 4, kwa hiyo atahitaji mbili, na atabaki na akiba ya silinda mbili. Kabla ya kulipa, apime unene wa kila ringi na aulinganishe na mfereji wake kwenye pistoni, kwa sababu watengenezaji walibadilisha unene huo kwa nyakati tofauti. Roka za valvu nazo ni zilezile kwa L za silinda 4 na za silinda 6.

Ukoo huohuo una L26 ya Datsun 260Z na L28 yenye cc 2,753. Hiyo L28 ndiyo inayofurahisha zaidi kwa mtu wa huku, maana Nissan Patrol za petroli za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ziliwekwa injini hiyo. Patrol iliyokufa bodi lakini injini yake ikiwa nzima ni hazina. Bloku yake inakaa kwenye viti vya injini vya 240Z bila kukata chuma. Unachotakiwa kufanya ni kuhamisha sampu ya oili na bomba lake la kuvutia kutoka injini ya zamani, kwa kuwa umbo la sampu ya Patrol lilitengenezwa kwa ajili ya gari refu la kupanda milima.

Ukiwa umefungua injini, angalia siti za valvu. Silinda hedi za mwanzo za 240Z, zile zenye chapa E31 na E88, zilitoka kiwandani na siti za shaba nyeusi, enzi petroli yote ikiwa na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia Januari 2006, na siti laini hulika upesi bila risasi ile. Hapa hakuna cha kuagiza ng’ambo. Karakana nzuri ya mashine inaweza kutoa siti za zamani na kuingiza za chuma kigumu kwa siku moja, na kazi hiyo ifanywe kabla hedi haijarudishwa.

Baada ya ukoo, jifunze namba.

Kila spea ya Nissan ina tarakimu na herufi kumi, zilizogawanywa tano na tano. Tano za mwanzo hutaja aina ya kifaa: 15208 ni chujio cha oili, 21010 ni pampu ya maji, 11044 ni gasketi ya silinda hedi, 41060 ni pedi za breki za mbele. Tano za mwisho hutaja gari au toleo. Mwenye namba mkononi hazungumzi lugha ya kubahatisha. Anaweza kumpigia simu muuzaji wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Sharjah, au wa Yokohama, na wote watatu wakaelewana naye bila picha. Katalogi za zamani za 240Z zimeshapigwa picha na kusambazwa na wapenzi wa gari hili duniani, kwa hiyo namba hupatikana bure. Iandike kwenye daftari kila unapoipata, pamoja na namba mbadala unazotajiwa na wauza spea. Daftari hilo baada ya muda litakuwa na thamani kuliko kisanduku chako cha spana.

Kuna spea ambazo hazihitaji hata namba ya Nissan. Beringi nyingi zina namba ya kimataifa iliyochongwa ubavuni. Ikisomeka 6205, basi ni beringi ya tundu la milimita 25, kipenyo cha nje milimita 52 na unene milimita 15, iwe imetoka kwenye gari, kwenye mota ya umeme au kwenye mashine ya kusaga mahindi. Nenda duka la beringi, si duka la magari. Oilsili nazo huuzwa kwa vipimo vitatu: tundu, nje na unene. Fundi mwenye kalipa nzuri ya kupimia atakupatia oilsili za gari zima kwa asubuhi moja.

Bolti zinataka uangalifu zaidi. Wajapani walitumia bolti za milimita 10 zenye uzi wa 1.25, ilhali duka la kawaida la vifaa vya ujenzi linauza za uzi wa 1.5. Zinaanza kuingia, halafu zinagoma, na fundi mwenye haraka huongeza nguvu. Hapo uzi wa alumini kwenye injini unakwisha. Paipu za breki vilevile: nati zake ni za milimita 10 kwa uzi wa 1.0, na mdomo wa paipu hukunjwa mara mbili kwa ndani. Kama kifaa cha fundi hakikunji hivyo, tafuta fundi mwingine.

Wenye 240Z duniani kote wamekuwa wakiazima kwa majirani kwa miongo mingi, na bahati nzuri majirani hao wamejaa mitaani kwetu. Kalipa za breki za mbele za Toyota Hilux ya magurudumu manne, toleo la 1979 hadi 1985, zina pistoni nne na zinafunga kwenye 240Z moja kwa moja, zikitumia diski ileile isiyo na matundu ya hewa. Hakikisha chapa iliyosubiwa kwenye kalipa ni S12+8, maana nyingine zinazofanana nazo zilitengenezewa diski nene. Kwa kuwa pistoni nne hunywa mafuta mengi ya breki kuliko mbili, pedali itashuka chini kuliko ulivyozoea, na wengi hubadilisha masta silinda ya inchi 7/8 kwa ya inchi 15/16 iliyotoka kwenye Datsun 280ZX.

Difu ya 240Z ni aina ya R180. Miaka thelathini baadaye R180 ikawa chini ya Subaru Impreza WRX STI. Si kila Impreza, tafadhali; zile za kawaida hubeba difu ndogo zaidi, na hata ya STI inahitaji shafti za kutokea zibadilishwe ili zilingane na za Datsun. Lakini kwa nchi yenye Subaru nyingi kama Kenya, huo ni mlango ulio wazi. Giaboksi ya ukoo wa 71B nayo ilitumika kwenye pikapu za Datsun, kwa hiyo beringi na ringi zake za kusawazisha gia hupatikana kwa wanaofungua pikapu. Taa za mbele ni za duara za inchi 7, sawa na za Land Rover za zamani, na ukinunua za Land Rover ya hapa unapata mwanga unaoinama upande ufaao kwa nchi zinazoendesha kushoto.

Hapo ndipo penye mtego mkubwa wa kuagiza Marekani. Soko la spea za Z huko ni kubwa kuliko popote, kwa kuwa sehemu kubwa ya 240Z, 260Z na 280Z zilizotengenezwa, zaidi ya nusu milioni kwa jumla, ziliuzwa huko. Pampu, gasketi, kabureta na vipande vya bodi vya huko vinaingia kwenye gari letu bila neno. Lakini reki ya usukani, dashibodi na mpangilio wa pedali vya huko ni vya usukani wa kushoto. Kwa vitu hivyo elekeza macho Japani, Australia au Uingereza. Tena uliza kama kipande kimetoka kwenye gari la viti viwili au lile refu la viti vinne lililoanza mwaka 1974. Milango na vioo vya pembeni vya hilo refu havikai kwenye 240Z hata ukilia.

Kuagiza gari zima la kukatwa vipande ndilo wazo la kwanza la kila anayeanza. Kenya, kwa kawaida, hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na kwa hiyo linabaki suala la spea moja moja. Msaada wa kiwanda nao ni mdogo. Nissan walianza mwaka 2017 kutengeneza upya spea za Skyline GT-R ya R32, kisha za R33 na R34, magari ya miaka ya 1990. Sisi wa magari ya miaka ya 1970 tunajitegemea.

Neno “mpya” linahitaji kusomwa vizuri. Ukikuta pampu ya maji ya Nissan ndani ya boksi lililofungwa tangu 1982, ichukue kwa furaha. Ukikuta silinda ya breki ya mwaka huohuo, ichukue kwa chuma chake, kisha ubadilishe mipira yote ya ndani. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala kabatini: unakuwa mgumu, unapasuka, na unavuja siku ya kwanza ya kazi. Matairi yana ushahidi wao: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, mfano 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa mipira ya milango, watu wengi wamekuwa wakitumia ile ya Kia Sportage ya miaka ya 1990. Inakaa vizuri na mlango unafungika bila kubamizwa.

Mafundi wa jua kali wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa katika mazungumzo ya magari ya kale. Sakafu iliyoliwa na kutu, trei ya betri, mabomba ya ekzosi, mabano, bushi za kukereza, hata shafti za kabureta zilizolegea: haya yote yanafanyika hapa, na yakifanywa na fundi makini hayatofautiani na ya ng’ambo. Mpelekee sampuli, si maelezo. Mpe kipande kilichochakaa, mwoneshe kinakokaa kwenye gari, na umwambie kinafanya kazi gani. Kuna mpaka, hata hivyo, ambao mimi sivuki. Tairodi, boljointi, hosi na pedi za breki hazichongwi wala haziunganishwi kwa kuchomelea. Hizo zinunuliwe mpya, kwa muuzaji anayetoa risiti, na zikionekana nyepesi kupita kiasi au maandishi ya boksi yana makosa, zirudishwe hapohapo.

Mpangilio wa kununua ni suala la maadili kuliko ladha. Anza na breki zote, mbele na nyuma. Fuata usukani, kisha matairi, kisha paipu za petroli na rejeta. Klachi ije baadaye, na uinunue ikiwa seti, kwa sababu urefu wa kola ya beringi ya kusukuma lazima ulingane na sahani ya kubana; seti za kuchanganya humfanya mtu ashushe giaboksi mara ya pili. Rangi, kromi na redio vingoje. Gari lenye rangi iliyofifia linalosimama pale unapotaka lisimame limeshakuwa salama kwa watoto wa jirani, na hilo la kung’aa lisilosimama bado halijawa gari.

Msomaji, kama nyuma ya nyumba yenu kuna 160J, Patrol ya petroli ya miaka ya 1980 au Hilux ya zamani ambayo hakuna mpango wa kuifufua, usiwauzie wanunua vyuma chakavu kwa kilo. Fungua boneti, piga picha ya injini na namba yake, na uwatangazie wenye Datsun kwanza.