BATA WASITULETEE MARADHI



Watu wengi vijijini hufuga bata. Bata hutupatia nyama, mayai na fedha. Ni mfugo mzuri. Lakini bata anaweza kumjeruhi mtu. Pia anaweza kumwambukiza maradhi, hata kama yeye mwenyewe anaonekana mzima. Hilo ndilo somo letu la leo.

1. MAJERAHA

Bata wengi wa vijijini ni wale wakubwa wenye uso mwekundu. Kucha zao ni kali na mbawa zao zina nguvu. Jike anayeatamia huwa mkali. Mtu hukwaruzwa hasa anapomshika bata kwa mguu mmoja au bawa moja.

Mkamate kwa mikono miwili. Bana mbawa zake mwilini. Mbebe kucha zikielekea mbali nawe. Kazi hii asipewe mtoto mdogo.

Tusidharau mkwaruzo. Kucha za bata hukanyaga udongo na kinyesi. Humo huweza kuwamo vijidudu vya pepopunda. Ugonjwa huu hukaza taya, kisha mwili mzima, na huua. Kwa hiyo:

(a) Osha jeraha mara moja kwa maji safi mengi na sabuni.
(b) Lifunike kwa kitambaa safi.
(c) Usipake majivu, udongo wala kinyesi cha ng'ombe.
(d) Nenda zahanati, hasa kama jeraha limeingia ndani au kama hukuchanjwa. Usingoje taya zikaze.

Kama jicho limeumia, usilisugue wala usitie dawa ya kienyeji. Lifunike bila kuligandamiza, uende kwa mganga siku hiyo hiyo.

2. KUHARA

Katika kinyesi cha bata huweza kuwamo vijidudu viitwavyo salmonela. Havionekani kwa macho. Huleta kuhara, homa na maumivu ya tumbo. Mtoto anayetambaa yumo hatarini zaidi, kwa sababu hushika uchafu na kutia mikono mdomoni.

Vijidudu hivyo huweza kuwamo hata ndani ya yai la bata. Kuosha ganda peke yake hakutoshi. Chemsha yai dakika 10 au zaidi, mpaka ute na kiini vigande. Usimlishe mtoto yai bichi wala lililoiva nusu. Nyama nayo iive mpaka ndani.

Mtoto akihara, mwendelee kumnyonyesha na kumpa maji ya chumvi na sukari. Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visijae kupita kiasi. Akihara damu, akilegea, au macho yakidididimia, mpelekeni zahanati upesi.

3. HOMA YA MAFUA YA NDEGE

Mwaka 1997 huko Hong Kong watu 18 waliugua homa hii na 6 walikufa. Mwezi Januari 2017, aina nyingine ya homa hiyo ilionekana Uganda, kwa ndege wa porini na kwa bata na kuku wa kufugwa, karibu na Ziwa Victoria.

Bata anaweza kubeba ugonjwa huu bila kufa, huku kuku wakifa. Ukiona kuku au bata wengi wanakufa ghafla, usiwale, usiwauze, wala usiwashike kwa mikono mitupu. Mwarifu ofisa mifugo na uongozi wa kijiji.

4. TUFANYE NINI?

- Tujenge banda la bata mbali na jiko. Bata wasilale ndani ya nyumba.
- Tuwazuie wasiingie kisimani. Maji ya kunywa tuyachemshe.
- Tunawe mikono kwa sabuni kila tunapomaliza kushika bata, mayai au kinyesi.
- Tumwoshe mtoto mikono kabla hajala.

Sabuni na maji ni vitu vidogo, lakini huokoa maisha ya watoto wetu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Bata mzima huwezaje kuambukiza maradhi?
2. Kwa nini kuosha ganda la yai hakutoshi?
3. Katika kijiji chenu, bata hulala wapi? Mtabadili nini?