SOMO: MFUKO WA SAFARI FUPI



Katika somo letu la leo tutajifunza jinsi ya kuchagua mfuko wa safari fupi. Safari fupi ni safari ya siku moja, mbili au tatu. Kwa mfano: unatoka hapa Kibingo kumpeleka mtoto hospitali Bukoba. Unakwenda kwenye mkutano wa chama cha ushirika. Unakwenda kumwona kijana wako shuleni, au kuhani msiba Mwanza.

Labda utasema: "Mfuko nao una somo? Si kutia nguo na kuondoka tu?" La, ndugu. Hebu fikiri. Kutoka Kibingo utapanda pikipiki. Baadaye utapanda gari ndogo au basi, upite Omurushaka na Kyaka, ufike Bukoba. Wengine wanaendelea kwa meli, na siku hizi wengine wanapanda ndege. Mzigo wako unapakiwa na kupakuliwa mara tatu au nne. Kila mara unaweza kupotea, kuchanika, kulowa au kuibiwa. Ukipotea na nguo, utaazima kanga kwa ndugu. Ukipotea na dawa, au na karatasi za hospitali, je, utaazima kwa nani?

KWANZA MZIGO, HALAFU MFUKO

Watu wengi huanza na mfuko. Wakiuona bado una nafasi, wanazidi kuujaza. Hivyo sivyo. Anza na mzigo.

Tandika mkeka. Weka juu yake kila kitu unachotaka kwenda nacho. Kisha gawa vitu hivyo katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu visivyotoka mwilini mwako. Hivi ni nauli, simu, kitambulisho, kadi ya bima, kadi ya kliniki, barua ya rufaa kama unayo, na dawa unazomeza kila siku.

Fungu la pili ni vitu vya kutia katika mfuko wa mkononi. Hivi ni nguo za kubadili, kanga au shuka, sabuni, mswaki, taulo dogo, sweta, na chakula cha njiani.

Fungu la tatu ni vitu vya kuacha nyumbani. Fungu hili lisikose kitu! Safari ya siku mbili haihitaji jozi tatu za viatu. Nguo moja ya kuvaa na nyingine ya kubadili zinatosha, kwa maana unaweza kufua jioni.

Zawadi je? Sisi wa Kagera hatuendi kwa ndugu mikono mitupu. Mkungu wa ndizi ni zawadi nzuri, lakini si mzigo wa mkononi. Ufunge vizuri, uandike jina lako na namba ya simu, uende kwenye buti la basi. Senene waliokaangwa wakakauka ni wepesi. Watie katika kopo lenye mfuniko.

TUPIME UZITO

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, mzigo anaoubeba mwingine unauona mwepesi kama pamba. Lakini mfuko wa safari utaubeba wewe mwenyewe, tena labda una mtoto mgongoni. Kwa hiyo upime kabla ya kuondoka.

Kama hapo kijijini ipo mizani ya kupimia kahawa, omba kuning'iniza mfuko wako. Kama haipo, tengeneza mizani yako. Kumbuka kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Fanya hivi:

1. Tafuta mti ulionyooka wenye urefu kama wa jembe.
2. Funga kamba katikati kabisa ya mti huo, uuning'inize. Sogeza kamba kidogo kidogo mpaka mti ulale sawa, usiinamie upande wowote.
3. Upande mmoja, ning'iniza dumu la lita 5 lililojaa maji. Ongeza chupa mbili za lita moja moja. Jumla ni lita 7, yaani kilo 7 na kidogo, kwa sababu dumu na chupa navyo vina uzito wake.
4. Upande wa pili, ning'iniza mfuko wako. Vitu vya pande zote mbili viwe mbali sawasawa na kamba ya katikati.

Mfuko ukishuka, umezidi kilo 7. Maji yakishuka, mfuko haujazidi.

Kwa nini kilo 7? Kwa sababu mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria kuingia ndani na mfuko wa kilo 7 hivi. Mengine huruhusu zaidi. Kipimo kimeandikwa kwenye tiketi, basi kisome. Hata kama hupandi ndege, kilo 7 ni kipimo kizuri. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutembea na mzigo huo kutoka stendi hadi hospitali bila kumlipa mchukuzi.

TUPIME UKUBWA

Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima urefu wa mfuko, upana wake na kimo chake kwa sentimita. Zidisha namba hizo tatu. Kisha gawanya kwa 1,000. Jibu litakuwa lita.

Mfano: mfuko una urefu wa sentimita 40, upana sentimita 25 na kimo sentimita 20.

40 × 25 × 20 = 20,000
20,000 ÷ 1,000 = lita 20

Lita 20 ni ndoo moja ile ya kuchotea maji. Mfuko wenye ukubwa wa ndoo moja unatosha kwa siku mbili. Ndoo moja na nusu, yaani lita 30, inatosha kwa siku tatu au kwa mama mwenye mtoto mchanga. Ukizidi hapo hautaingia chini ya kiti, wala hutaweza kuupakata. Utapelekwa kwenye buti, nawe utakaa na wasiwasi kila basi linaposimama.

AINA ZA MIFUKO

Sasa twende sokoni. Tutaona mifuko ya namna nyingi. Kila mmoja una uzuri wake na ubaya wake.

Kikapu. Ni kizuri kwa chakula, maana kinapitisha hewa. Lakini hakifungiki vizuri, na mvua ikinyesha kila kitu kinalowa.

Kiroba cha salfeti. Ni cha bei nafuu, tena kina nguvu. Kinafaa kwa maharage. Kwa safari kina ubaya mmoja: viroba vyote vinafanana. Kwenye buti mtu mwingine aweza kuchukua chako kwa bahati mbaya.

Shangazi kaja. Ni ule mfuko mkubwa wa mistari ya mirabamiraba. Ni mwepesi na unameza vitu vingi. Ubaya wake ndio huo huo: unameza mno, na zipu yake hukatika upesi. Unafaa kwa kuhama, si kwa safari ya siku mbili.

Sanduku la magurudumu. Linapendeza, na kwenye sakafu ya saruji linateleza lenyewe. Lakini kwenye barabara yetu ya udongo magurudumu hayasaidii, na kwenye pikipiki ni taabu. Tena lenyewe likiwa tupu lina uzito. Tuseme sanduku tupu ni kilo 3, na umeruhusiwa kilo 7. Basi 7 – 3 = 4. Umebakiwa na kilo 4 tu za vitu vyako!

Begi la mgongoni. Kwa mtu wa huku kwetu, hili ndilo linalofaa zaidi. Linaiacha mikono yako huru kumshika mtoto au kushika pikipiki. Lina uzito mdogo, na linaingia chini ya kiti. Ubaya wake ni kwamba hulioni likiwa mgongoni. Kwa hiyo stendi au sokoni livae kifuani.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Usisafiri nayo. Wanaovuka mpaka pale Murongo kutoka Uganda nao wakumbuke hivyo.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Usinunue begi kwa kupenda rangi. Lipe mtihani hapo hapo dukani.

Fungua na kufunga zipu mara kumi. Ikikwama ikiwa tupu, ikijaa itakatika. Vuta mikanda kwa nguvu. Tazama pale mkanda ulipoungwa na begi: uzi upite mara mbili au zaidi, usiwe mstari mmoja tu. Geuza ndani nje, utazame mishono. Shona iliyoachia leo haitarudi yenyewe kesho. Begi zuri la mtumba ni bora kuliko jipya bovu. Tena begi la zamani lenye mkanda uliokatika laweza kutengenezwa na fundi viatu kwa fedha kidogo. Usione haya.

KIPOCHI CHA MWILINI

Fungu la kwanza tulilolitenga haliingii kwenye begi. Lishonee kipochi cha kitambaa chenye kamba ya shingoni au ya kiunoni, ukivae chini ya nguo. Fedha zigawe sehemu mbili. Za kutumia njiani ziwe karibu, nauli ya kurudi iwe kwenye kipochi.

Mwenye kisukari, mwenye presha, na mwenye kutumia dawa za kufubaza virusi, wote wachukue dawa za siku zote za safari na siku mbili za ziada. Gari laweza kuharibika njiani. Dawa zikae katika paketi zake zenye maandishi, ili daktari mgeni aweze kusoma. Usiziweke kwenye buti hata kidogo.

Andika pia namba mbili za simu za ndugu zako kwenye karatasi. Simu ikizima, karatasi haizimi. Hapo ndipo unaona faida ya kujua kuandika.

MAMBO MATATU YA KUKATAA

Kataa kubeba mfuko wa mtu usiyejua kilichomo. Aweza kuja mtu stendi au mpakani akasema kwa upole: "Ndugu yangu, nisaidie tu kuufikisha." Polisi wakikuta kitu kibaya ndani yake, mwenye kuulizwa ni wewe uliyeushika.

Kataa kuingia ndani ya ndege na kisu, wembe au panga mkononi. Utanyang'anywa. Na ukiwa unakwenda nchi za nje, kwa kawaida vitu vya maji katika mfuko wa mkononi haviruhusiwi kuzidi mililita 100 kwa kila chupa. Sheria hiyo ilianza mwaka 2006, baada ya kugunduliwa Uingereza njama ya kulipua ndege kwa milipuko ya maji. Kwa hiyo asali na samli viende kwenye mzigo mkubwa.

Kataa kuweka mfuko kwenye njia ya katikati ya basi au mlangoni mwa meli. Njia hiyo ndiyo ya kutokea watu.

MFUKO UNAACHWA, MTU HAACHWI

Hapa tusikilizane vizuri. Sisi wa Kagera tunayajua maji. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam iliangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Wavuvi walikuwa wa kwanza kuifikia na mitumbwi yao. Watu 24 walipona, 19 walifariki.

Hatukumbuki haya ili tuogope kusafiri. Tunakumbuka ili tujue la kufanya. Ukiambiwa "tokeni," toka. Usiinuke kutafuta begi. Sekunde unazotumia kuvuta begi ni sekunde za mtu aliye nyuma yako, na begi lenyewe linaziba njia. Kule Tokyo, Japani, tarehe 2 Januari 2024, ndege kubwa ya abiria iligongana na ndege nyingine uwanjani ikawaka moto. Watu wote 379 waliokuwa ndani ya ile kubwa walitoka hai. Waliwasikiliza wahudumu, na mizigo wakaiacha iungue.

Sasa unaona kwa nini tumesema kipochi kikae mwilini. Mwenye kitambulisho, dawa na nauli mwilini hana sababu ya kurudi nyuma. Begi lake likizama, zimezama nguo tu.

TUMEJIFUNZA NINI?

Panga mzigo kwanza, halafu chagua mfuko. Pima uzito na ukubwa. Chagua mfuko unaoweza kuubeba peke yako. Vitu vya lazima vikae mwilini. Wakati wa hatari, acha mfuko.

MANENO MAGUMU

Buti – sehemu ya gari ya kuwekea mizigo mikubwa.
Kimo – urefu wa kwenda juu.
Rufaa – kupelekwa hospitali kubwa zaidi kwa matibabu.
Usufi – pamba nyepesi ya mti wa msufi.

MASWALI

1. Taja vitu vitano visivyofaa kutiwa kwenye buti.
2. Mfuko una urefu wa sentimita 50, upana sentimita 30 na kimo sentimita 20. Unachukua lita ngapi? Unafaa kwa safari ya siku ngapi?
3. Umeruhusiwa kilo 7. Begi tupu lina uzito wa kilo 1. Umebakiwa na kilo ngapi za vitu?
4. Jirani yako amenunua sanduku la magurudumu la kupandia pikipiki kila wiki. Utamshauri nini?
5. Kwa nini tusirudi kuchukua mfuko wakati wa ajali? Mwelezee mwenzako asiyejua kusoma, na watoto wako pia.