Bata mzinga wa mkaa: kuoka, si kuchoma

Bata mzinga wangu wa kwanza nilimharibu kwa ujuzi. Nimekulia Tanga, nimepuliza jiko la mkaa tangu sijajua kusoma, nikajiona sina la kufundishwa na mtu kuhusu moto. Ilikuwa Alhamisi ya nne ya Novemba, Sikukuu ya Shukrani, nyuma ya nyumba yetu hapa Columbus, Ohio. Nikamlaza ndege wa kilo saba juu ya makaa mekundu, koleo mkono huu, kipande cha boksi cha kupepea mkono huu. Saa moja baadaye alikuwa mweusi ti. Shemeji alipomkata paja, damu ikachuruzika. Siku ile tulikula wali na maharage, na kachumbari ya jirani yetu Mkenya.

Kumbe nilikosea kitenzi. Mimi nilikuwa nachoma, na ndege mkubwa namna ile huokwa. Mshikaki ni mwembamba, moto wa chini unauwahi kabla haujaungua. Paja la bata mzinga linataka joto lilizunguke taratibu. Na hilo bibi yangu alilijua: mkate wa kumimina ukishashika chini, alipalia makaa juu ya mfuniko ili uive na juu. Jiko la duara lenye mfuniko hufanya kazi ya namna hiyo, ila makaa hukaa pembeni na mfuniko ndio unaolizungusha joto. Mmarekani George Stephen alilibuni mwaka 1952, akiwa mfanyakazi wa Weber Brothers Metal Works ya Chicago, kutokana na boya la chuma lililokatwa. Ndiyo maana lina tumbo.

Siku hizi nanunua ndege wa kilo tano na nusu hivi, kwenye duka la halali. Akizidi sana, mfuniko unamgusa kidari. Akiwa wa friza, hesabu siku moja ndani ya friji kwa kila kilo mbili. Wangu namtoa friza Jumapili. Tafuta mfuko wenye shingo, firigisi na maini, mara nyingi umefichwa tumboni au shingoni. Usiutupe.

Mama akisikia hili atanikana: simuoshi. Maji yanarusha vijidudu kwenye sinki na vyombo, na ndimu haiviui. Moto ndio unaoviua. Namkausha kwa karatasi za jikoni, nampaka chumvi ya mawe, kijiko kimoja cha mezani kwa kila kilo mbili, ndani na nje, kisha namrudisha friji bila kumfunika kwa usiku mmoja au miwili. Ngozi inakauka, na ngozi kavu ndiyo inayokuja kukatika kwa mlio. Ila soma kwanza karatasi iliyobandikwa: wengi wanauzwa wakiwa wameshadungwa maji ya chumvi, na huyo hahitaji nyingine. Asubuhi naingiza vidole chini ya ngozi ya kidari, napaka samli iliyochanganywa na kitunguu saumu, tangawizi na bizari nyembamba. Sukari hapana, inaungua.

Sasa moto. Washa mkaa bila mafuta ya taa, maana nyama inayanywa. Ukishashika majivu meupe, ugawe mafungu mawili, moja kila upande, na katikati weka sinia la foili lenye maji. Ndege anakaa juu ya sinia, kidari kikiangalia juu, mapaja yakielekea makaa. Tupia kipande cha mti wa tofaa kwa ajili ya moshi. Funika, tundu la hewa la juu wazi kabisa, la chini nusu, uyachezee mpaka kipimajoto cha mfuniko kisome kati ya 165 na 175 za sentigredi.

Halafu uondoke. Hapa ndipo sisi wa nyama choma tunaposhindwa. Hakuna kugeuza wala kupepea, na ukifunua kuchungulia umelimwaga joto lote. Mimi nafunua kila baada ya dakika 45 kuongeza vipande saba vya mkaa kila upande, basi. Kidari kikiwahi kuwa kahawia, nakifunika kwa foili. Kwa baridi na upepo wa Novemba huku, wangu huchukua saa tatu, wakati mwingine na nusu juu yake.

Rangi isikudanganye. Moshi wa mkaa unaweza kuiacha nyama ya waridi hata ikiwa imeiva sawasawa, na shemeji kila mwaka huitilia shaka. Choma sindano ya kipimajoto katikati ya paja, kisha kwenye kidari, isiguse mfupa. Pote pakisoma 74, mtoe. Nusu saa mezani kabla ya kisu, la sivyo maji yake yote yataishia kwenye ubao.

Ule mfuko wa mwanzo? Shingo na firigisi huziweka ndani ya lile sinia la maji, zikachemka polepole huku mafuta ya ndege yakizidondokea. Shingo naiacha iende kwenye mchuzi. Kwetu firigisi ilikuwa ya baba, watoto tuliitazama tu. Hapa watoto wangu wameshajua saa inayoiva, na wanakuja nje na makoti yao, kila mmoja na uma.