SOMO KWA VYAMA: KUMWONGOZA MGENI KATIKA MSITU WA MIKOKO



Chama kilicho kando ya bahari chaweza kupata mapato msituni bila kukata hata boriti moja. Mfano upo Gazi, Kaunti ya Kwale, nchini Kenya, ambako akina mama wa kijiji huwatembeza wageni kwa malipo juu ya daraja la mbao lipitalo ndani ya mikoko. Lakini mgeni halipi ili akanyage mbao. Hulipa ili aelezwe. Hivyo yampasa kiongozi wa wageni ajue haya.

1. Miti
Msitu mzima twauita mikoko, ila kila mti una jina lake. Kenya ina aina 9. Upande wa bahari hutangulia mlilana, ambao maua yake hufunguka usiku. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, usimamao juu ya mizizi iliyopinda kama miguu. Mbegu yake huchipua ingali mtini, ikaanguka ikiwa mche tayari. Hufuata msinzi na mkandaa. Karibu na nchi kavu huota mchu, ambao mizizi yake hutokeza topeni kama penseli ili ipate hewa. Majani ya mchu hutoa chumvi: mgeni na alambe jani, hatasahau.

2. Wanyama
Kaa huyakokota majani yaliyoanguka hadi mashimoni, na tondo huyala. Samaki wachanga na kamba hujificha kati ya mizizi, kwa hiyo mvuvi naye ana fungu lake msituni. Maji yakitoka, kaa huonekana na yangeyange huja kuwinda. Basi katibu apange ziara kwa kufuata kupwa na kujaa, si kwa saa ya ofisini.

3. Hesabu ya msitu
Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa sana kwa kuni za viwandani, na mahali pengine haikurudi yenyewe. Upandaji ulianza mwaka 1991. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja hulinda hekta 117 na kulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo. Fedha hizo zimesaidia maji na shule.

Boriti huuzwa mara moja. Mti uliosimama hulipa kila mwaka. Hata hivyo, mwanachama aliyeishi kwa kukata boriti asipopewa kazi wala gawio katika mapato ya wageni, hataona sababu ya kuulinda msitu. Jambo hili liamuliwe katika mkutano mkuu kabla ya ubao wa kwanza kupigiliwa.

Maswali ya kujadiliwa
(a) Taja miti minne ya mikoko na alama ya kila mmoja.
(b) Ni nani kijijini kwenu atakayepoteza riziki ukataji ukikoma, na chama kitamfanyia nini?