Masikio Yakivuma Baada ya Harusi

SWALI: Juzi tulimwoza mdogo wangu hapa Mpanda, na meza ya familia ilikuwa ubavuni mwa spika. Nilirudi nyumbani masikio yamezibika na yanavuma; keshoye jioni yakaacha. Wenzangu wanasema yakishaacha, nimepona. Ni kweli? – Msomaji, Makanyagio.

JIBU: Hongereni kwa harusi. Wenzako wana nusu ya ukweli. Ndani kabisa ya kila sikio mna chembe zenye vinywele zipatazo 15,000, ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuukabidhi kwa neva iendayo kwenye ubongo. Kelele kubwa huzilaza kama upepo unavyolaza mpunga: upepo ukitulia, mwingi huinuka, na mvumo hukoma. Mashina yaliyovunjika hayainuki, na mwili wa binadamu hauoteshi mengine. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Boston, Marekani, Sharon Kujawa na Charles Liberman, waliwaweka panya kwenye kelele ya desibeli 100 kwa saa 2. Baada ya wiki kadhaa vipimo vya usikivu vilionyesha panya wale wako salama, lakini masikio yao yalipochunguzwa kwa ndani, sehemu kubwa ya maungio kati ya chembe na neva ilikuwa imekatika moja kwa moja. Panya si mtu, nakubali. Hata hivyo, baada ya matokeo hayo ni vigumu kuuchukua ukimya wa keshoye kama cheti cha kupona.

Kinachodhuru ni ukubwa wa sauti na muda kwa pamoja. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, sikio la mtu mzima huhimili desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kila zikiongezeka 3 muda huo hukatika nusu. Ukifika desibeli 100, umebakiwa na dakika 20 hivi, nazo ni za wiki nzima. Harusi zetu, tangu MC aanze “moja mbili, moja mbili” hadi keki na kuserebuka, hula saa 5 au 6. Lakini hesabu hiyohiyo inakupa njia ya kutokea. Uwanjani, ukiuzidisha mara mbili umbali wako na spika, sauti hupungua kwa karibu desibeli 6. Kiti kikitoka mita 2 hadi mita 8, zile dakika 20 zinakuwa saa 5 na ushei. Ukumbini nafuu ni ndogo, maana kuta hurudisha sauti. Pamba wanayojaza wengi haizuii cha maana. Vizibo vya sponji vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, vikiminywa na kuingizwa sawasawa, ndivyo vinavyosaidia.

Najua utaniuliza: mbona wazee walicheza bugobogobo miaka yote na bado wanasikia? Ngoma nayo ina kishindo kwa aliye jirani nayo, ila mkono wa mpigaji huchoka, watu wakapumzika. Jenereta haichoki. Na anayejisifu kwamba amezoea, mara nyingi ameanza kupoteza usikivu. Pingamizi lenye uzito ni la adabu: huwezi kuhama meza ya familia mbele ya wakwe. Ndiyo sababu spika ziwe ajenda kwenye kikao cha harusi, siku ya kumlipa mwenye muziki. Mwambieni azinyanyue kwenye stendi juu ya vichwa, azielekeze kwa wachezaji, na wazee wawekwe mbali. Mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2022 kwa kumbi na matamasha unaweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15, na unataka pawepo sehemu tulivu ya kupumzishia masikio. Nyuma ya turubai inatosha kabisa. Mtoto aliyelazwa juu ya kanga kando ya spika asihesabiwe kuwa amezoea eti kwa sababu amelala, mwondoeni.

Wewe kaa wiki hii bila spika wala muziki wa simu masikioni, na usitie mafuta wala kijiti. Mvumo ukirudi na kudumu, au ukishindwa kufuata mazungumzo penye watu wengi, nenda ukapimwe. Sikio likiziba ghafla na usisikie upande mmoja, usingoje wiki: wahi hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa yake hufaa zaidi ikianzwa mapema.