BUNDUKI HAIOTI SHAMBANI



Somo letu la leo ni juu ya silaha za moto. Silaha ya moto ni chombo kinachorusha risasi au gololi kwa nguvu ya baruti. Bunduki ni silaha ya moto. Bastola ni silaha ya moto. Hata gobole la babu ni silaha ya moto.

Jembe tunajua linatoka wapi. Tunalinunua dukani. Mtumbwi nao tunamjua fundi aliyeutengeneza. Lakini jambazi akitokea usiku na bunduki, je, ameitoa wapi? Haioti shambani kama muhogo. Wala haivuliwi ziwani kama sangara. Iko njia iliyoifikisha mkononi mwake. Tukiijua njia hiyo, tutaweza kusaidia kuiziba.

JAMBO HILI LINATUHUSU

Wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya polisi, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Wavuvi wa Ziwa Victoria wamekuwa wakivamiwa usiku majini na kuporwa mashine, nyavu na samaki. Mvuvi akinyang'anywa mashine, amenyang'anywa chakula cha watoto, ada na deni la mwenye mtumbwi. Wengine wamenyang'anywa na roho zao.

Hapa Ilemela tunakumbuka mwezi wa Oktoba, 2012. Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza, Liberatus Barlow, aliuawa kwa risasi usiku huko Kitangiri. Huyo alikuwa mkubwa wa polisi wa mkoa mzima. Ikiwa mtu kama huyo aliuawa, mvuvi aliye peke yake majini je?

NJIA YA KWANZA: MABAKI YA VITA

Vita vikiisha, askari hurudi nyumbani. Lakini bunduki si zote zinazorudi ghalani.

Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Jeshi letu liliyafukuza, na mwezi wa Aprili 1979 likaingia Kampala. Serikali ya Amin ikaanguka. Huko kaskazini mashariki ya Uganda, mahali panapoitwa Moroto, askari walikimbia wakaiacha kambi. Wafugaji wa Karamoja wakaingia katika ghala ya silaha wakabeba bunduki nyingi. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi. Watu wengi sana wakafa.

Hata upande wetu, baada ya vita hivyo ujambazi wa silaha na wizi wa ng'ombe uliongezeka. Ndipo wananchi wa Shinyanga, na baadaye wa Mwanza na Tabora, walipounda Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kisha vikaja vita vya majirani. Burundi iliwaka moto baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi wa Oktoba 1993. Rwanda ilipata mauaji ya kimbari mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Kongo nayo iliingia vitani mwaka 1996, na mashariki ya nchi hiyo bado haijatulia.

Hapa tuwe waangalifu. Mkimbizi si jambazi. Mkimbizi ni mtu aliyeikimbia bunduki. Lakini vita vikiwa karibu, wapiganaji nao hupita, na bunduki huuzwa kwa bei ndogo. Mpiganaji mwenye njaa hubadilisha bunduki kwa chakula.

NJIA YA PILI: MAGENDO YA MPAKANI

Tazameni ramani. Mkoa wa Kagera umepakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Kigoma imepakana na Burundi, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo. Mara imepakana na Kenya. Ziwa letu la Victoria ni la nchi tatu. Sehemu yetu ni kama nusu, nyingine ni ya Uganda na Kenya. Majini hakuna ukuta.

Watu wengi hudhani silaha huja kwa malori makubwa. Mara nyingi sivyo. Huja moja moja, mbili mbili, zikiwa zimefichwa katika mizigo ya kawaida. Wataalamu huiita biashara ya sisimizi. Sisimizi mmoja hubeba punje moja tu. Lakini wakipita kila siku, gunia litakwisha.

Kwa hiyo mtu akikuomba umpakilie mzigo wake mtumbwini, na hataki kusema una nini, na malipo yake ni makubwa kuliko nauli ya kawaida, fikiri mara mbili. Ukikamatwa nao, wewe ndiye utakayeulizwa kwanza.

NJIA YA TATU: SILAHA ZA HALALI ZILIZOIBIWA

Njia hii wengi huisahau. Si kila bunduki ya jambazi imetoka nje ya nchi. Nyingine zilikuwa za halali hapa hapa kwetu.

Mwezi wa Septemba 2014 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Ushirombo, wilaya ya Bukombe, mkoa wa Geita. Waliua askari wawili wakapora bunduki. Mwezi wa Julai 2015 walivamia kituo cha Stakishari, Dar es Salaam. Watu saba waliuawa, wanne kati yao wakiwa askari, na silaha zikachukuliwa.

Walinzi wa maduka na maghala nao huporwa. Tena wako wenye leseni wanaoweka bunduki uvunguni mwa kitanda, mwizi akaingia akaichukua. Wabaya zaidi ni wale wanaoikodisha. Bunduki inatoka jioni, inarudi asubuhi, na mwenyewe anapewa sehemu ya mali iliyoporwa. Huyo ni jambazi kama wenzake, hata kama usiku kucha alikuwa amelala.

NJIA YA NNE: MAGOBOLE

Magobole hutengenezwa na mafundi wa vijijini. Wengi huyatumia kuwindia na kulindia mashamba. Lakini kuwa na gobole bila kibali ni kosa. Na gobole la kuwindia swala linaweza pia kumwua jirani.

BUNDUKI HAIZEEKI UPESI

Bunduki inayojulikana zaidi duniani ni ile ya Mrusi Mikhail Kalashnikov, iliyoundwa mwaka 1947. Ni imara, na ikitunzwa hufanya kazi miaka mingi. Kwa hiyo bunduki ya vita vya juzi inaweza kutumika katika wizi wa leo na wa kesho. Wataalamu walikadiria mwaka 2017 kuwa duniani ziko bunduki ndogo zaidi ya bilioni 1, na nyingi zake ziko mikononi mwa raia, si majeshi.

TUPIME HABARI

Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper wa Austria, iitwayo Darwin's Nightmare. Ilipigwa hapa Mwanza. Ilidai kuwa ndege zilizokuja kubeba minofu ya sangara katika uwanja wetu wa ndege zilihusika pia na kupeleka silaha kwenye vita vya Afrika. Watu wengi Ulaya waliamini. Serikali yetu ilikataa, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliipinga hadharani. Ubishi ukawa mkubwa.

Tunapata somo gani? Habari za silaha hukuzwa haraka. Msomaji mzuri huuliza: nani amesema? Ameona nini kwa macho yake? Ushahidi uko wapi? Vivyo hivyo tusimwite jirani jambazi kwa sababu ya fununu za kilabuni.

SERIKALI ZIMEFANYA NINI

Mwaka 2000 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikutana Nairobi zikatoa Azimio juu ya silaha ndogo. Mwaka 2004 zilitia saini Itifaki ya Nairobi, ikaanza kutumika mwaka 2006. Zilikubaliana kutia alama bunduki zao, kuandika kumbukumbu na kuteketeza silaha haramu. Bunduki yenye alama ikikamatwa, mwenyewe anaweza kutafutwa.

Hapa nchini ipo Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwenye bunduki lazima awe na leseni na aitunze mahali salama. Ikipotea, atoe taarifa. Tena zaidi ya mara moja serikali imetangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari, bila kushtakiwa.

SISI TUFANYE NINI

1. Ukiona bunduki, risasi au bomu limetupwa, usiliguse. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, kisha umwambie mwenyekiti au polisi. Simu ya polisi ya dharura ni 112.

2. Baba akifariki akaacha bunduki au gobole, wana wasigawane kama mbuzi wa urithi. Leseni ya marehemu hairithiwi. Ipelekeni polisi.

3. Ukijua mahali ilipofichwa silaha, usiende kuitafuta mwenyewe. Toa taarifa kwa siri. Tunajua wengi wanaogopa kuwa jina litavuja. Hofu hiyo ni ya haki. Basi mwendee kiongozi unayemwamini, na kiongozi naye akumbuke kuwa mdomo wake unaweza kumwua aliyemwamini.

4. Wavuvi, tokeni pamoja na mjulishane mnakoelekea. Mialo ya Igombe, Kayenze na Kirumba ina viongozi. Mgeni asiyejulikana shughuli yake aulizwe kwa heshima.

5. Mshukiwa apelekwe polisi. Sungusungu walifanya kazi kubwa. Lakini mahali pengine walijifanya mahakama, hata vikongwe wakauawa kwa kusingiziwa uchawi. Tuchukue umoja wao, kosa hilo tuliache.

MANENO MAPYA

Ghala ya silaha: nyumba ya kuwekea bunduki na risasi.
Magendo: biashara ya kuvusha vitu kinyume cha sheria.
Itifaki: mapatano ya nchi na nchi.
Kusalimisha: kutoa silaha kwa serikali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Taja njia nne zinazowafikishia majambazi silaha.
2. Kwa nini magendo ya silaha huitwa biashara ya sisimizi?
3. Katika mtaa au kijiji chenu, ni njia ipi iliyo wazi zaidi? Mnaweza kuizibaje?
4. Kwa nini watu huogopa kutoa taarifa? Viongozi wenu wafanye nini ili waaminiwe?